Dawa ya Kuzuia Kutapika Safarini: Itumie kwa Usalama

Kabla ya safari ndefu, iwe ni basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam au gari la Karatu linalopanda kona za Bonde la Ufa baada ya Mto wa Mbu, akina mama wa Ngaramtoni, Tengeru na Usa River huniuliza: "Nesi, nimpe nini mtoto asitapike, alale mpaka tufike?" Hayo ni maombi mawili tofauti. Kuzuia kutapika ni matibabu. Kumlaza mtoto kwa dawa ni hatari.

Kwa nini mtu hutapika garini?

Ndani ya sikio kuna kiungo kinachotambua mwendo. Gari likikata kona, sikio huhisi mwendo, lakini macho yanayotazama kiti au simu huona kila kitu kimetulia. Ubongo hupokea taarifa zinazopingana, na kichefuchefu huanza. Watoto chini ya miaka 2 hupatwa na hali hii kwa nadra. Mtoto mchanga akitapika, usilaumu gari, mpeleke akapimwe.

Dawa hizi hufanyaje kazi?

Promethazini na sinarizini ni za jamii ya dawa za mzio. Huingia kwenye ubongo na kupunguza ujumbe wa kutapika, na ndiyo maana huleta usingizi. Setirizini huingia kidogo sana kwenye ubongo, hivyo haisaidii safarini hata kama inatuliza muwasho.

Kabla ya kumpa mtoto

- Usimpe promethazini mtoto chini ya miaka 2. Inaweza kudhoofisha upumuaji hadi kusababisha kifo.
- Dukani, taja umri na uzito wa mtoto, pamoja na dawa nyingine anazotumia.
- Usikisie kwa kukata kidonge cha mtu mzima. Dawa ya maji ipime kwa kipimo chake, si kwa kijiko cha jikoni.
- Mpe kabla ya kuondoka, kwa muda ulioelekezwa na mtaalamu. Akishaanza kutapika, dawa ya kumeza husaidia kidogo. Akiitapika, usirudie bila ushauri.
- Usichanganye na Piriton. Dawa nyingi za mafua zina dawa ya aina hiyo hiyo ndani yake, hivyo mtoto atakuwa amepewa dozi mbili.
- Baadhi ya watoto hawalali, bali hucharuka na kukosa utulivu. Usiongeze dozi.

Kwa watu wazima

Ukiwa mjamzito au unanyonyesha, uliza kwanza kliniki. Ukimeza dawa hii usiendeshe gari wala bodaboda, na usinywe pombe. Wazee huweza kuanguka, kuchanganyikiwa au kushindwa kukojoa. Mwenye presha ya macho au tatizo la tezi dume amweleze mtaalamu kabla ya kuitumia.

Na kizunguzungu je?

Kizunguzungu cha kuona nyumba inazunguka huweza kutulizwa na dawa hizi kwa siku chache tu. Zikitumika muda mrefu, ubongo huchelewa kujirekebisha, na sinarizini huweza kumletea mzee kutetemeka. Giza la macho unaposimama huweza kutokana na upungufu wa damu, kukosa maji mwilini au dawa za presha. Hilo linahitaji vipimo.

Nenda hospitali mara moja iwapo

- Mtoto haamki vizuri, anapumua polepole au kwa shida, au ana degedege. Beba pakiti ya dawa.
- Kizunguzungu kinaambatana na maumivu makali ya kichwa, ulimi mzito, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili.
- Mtoto anatapika na ana homa. Huenda ni malaria au maambukizi mengine.

Jaribu kwanza bila dawa

Mpe chakula chepesi. Mkalishe karibu na dirisha, kwenye viti vya mbele vya basi, na ufungue dirisha apate hewa. Weka simu mbali, mwonyeshe Mlima Meru au kitu kingine cha mbali kisichosogea. Beba mfuko na maji. Kwa watoto wengi, hayo yanatosha.