Ndege ya Gaddafi na Swala wa Saanane

Juni 1915 Waingereza waliivamia Bukoba kwa meli, wakaangusha mnara wa simu ya upepo wa Wajerumani, wakarudi walikotoka. Miaka 63 baadaye adui hakuja kwa maji. Alikuja kwa juu.

Ilikuwa Oktoba 1978. Ndege za kivita aina ya Mig za Idi Amin wa Uganda zilivuka mpaka zikadondosha mabomu Bukoba, makao makuu ya uliokuwa Mkoa wa Ziwa Magharibi. Mizinga yetu ya kutungulia ndege ilifyatua bila kupata kitu. Mabomu nayo hayakubomoa mengi, ila mshindo wake ulipasua vioo vya madirisha, na mji mzima ukaingiwa na kiwewe. Kwa mtu aliyekuwa hajapata kusikia bomu maishani mwake, kuambiwa kwamba hasara ni ndogo kulikuwa na faraja gani? Njia ya nchi kavu ya kukimbilia kusini ilikuwa barabara ya Muleba kwenda Biharamulo.

Kisha, Oktoba 30, majeshi ya Amin yakaingia na kuiteka ardhi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera. Novemba huku kwetu ni mwezi wa senene. Watu huinua macho angani kwa furaha, wakingoja makundi yatue. Mwaka ule macho yaliinuliwa kwa sababu nyingine. Ndege za Uganda zilikuwa zikilihangaikia daraja la Kyaka juu ya mto huo, zikirudi na kurudi bila kulipata. Mwishowe, Novemba 3, lilivunjwa kwa baruti iliyotegwa kwa mkono, kazi ya mtaalamu aliyeletwa kutoka migodi ya shaba ya Kilembe. Mtu mmoja ajuaye miamba alifanya walichoshindwa marubani.

Marubani kukosa shabaha hakukuwa ajabu. Agosti 1941, katika Vita Kuu ya Pili, Waingereza walizichunguza picha zilizopigwa na ndege zao katika mashambulizi ya usiku. Kati ya ndege zilizodai kufika, ni moja tu katika kila tatu iliyokuwa imekaribia shabaha kwa kilomita nane. Baadaye walileta Lancaster, ndege ya injini nne na watu saba, wakazirusha kwa mamia. Hadi vita vinakwisha, kikosi chao cha mabomu kilikuwa kimepoteza wanaanga 55,573, wengi wao vijana wa miaka ya ishirini.

Ukanda wetu wa ziwa ulitembelewa na ndege ya mabomu ya ukoo huo mwishoni mwa Machi 1979. Majeshi yetu yalikuwa yameshaingia ndani ya Uganda, na Kanali Gaddafi wa Libya, aliyempelekea Amin askari na silaha, akampa Mwalimu Nyerere saa 24 ayaondoe. Mwalimu alikataa. Machi 29 ikaja Mwanza ndege ya Libya aina ya Tupolev Tu-22.

Libya na Iraki ndizo nchi pekee za nje zilizouziwa Tu-22 na Wasovieti. Ilikuwa ndefu kama mita 41, injini mbili zimepandishwa juu kwenye mkia, na mwendo wake ulipita kilomita 1,400 kwa saa. Kwa wembamba wake waliiita Shilo, yaani msharasi wa fundi viatu. Wanaanga wake walikuwa watatu: rubani, mwongoza njia aliyekaa puani, na wa tatu aliyetazama nyuma kusimamia mzinga wa mkiani. Viti vyao vya kujiokolea vilirushwa kuelekea chini, hivyo ndege ikipata hitilafu karibu na ardhi, kiti kilimpeleka mtu kwenye kifo chake. Nikiwafikiria watatu wale juu ya ziwa wasilolijua, siwaonei chuki. Nawahurumia.

Walitumwa kupiga matangi ya mafuta ya Mwanza. Waliyakosa. Silaha zao ziliangukia Saanane, kisiwa kidogo cha mawe kilicho karibu kabisa na mji, ambako serikali ilianzisha bustani ya wanyama mwaka 1964. Mfanyakazi mmoja alijeruhiwa kidogo. Swala kadhaa walikufa. Wanyama waliokusanywa ili watoto wa shule wapate kuwaona ndio waliolipa deni la ugomvi wa wakubwa watatu.

Kwa watu wa Bukoba na Muleba, kukosa kule hakukuwa jambo dogo. Mwanza ilikuwa mgongo wao. Malori na mabasi ya raia yaliyochukuliwa kubeba askari yasingekwenda popote bila mafuta, na kama matangi yale yangewaka, mkoa uliokwisha kuvunjiwa daraja lake ungebaki peke yake zaidi.

Jibu lilitoka Aprili 1. Mig tatu za Tanzania zilipaa kuelekea kaskazini, nazo zikitafuta mafuta: Kampala, Jinja na Tororo. Siku kumi baadaye Kampala ilikuwa imeanguka, na kabla mwaka haujaisha Ziwa Magharibi ulikuwa umebadilishwa jina ukaitwa Kagera.