Kutawanya si kuakisi

Jua likipenya tundu la bati, vumbi huonekana likielea ndani ya mwale. Wengi husema vumbi hilo "linaakisi" mwanga. Mimi nashikilia kutawanya. Kioo huakisi: mwanga hurudi upande mmoja. Chembe ndogo huutupa pande zote, kama punje za mtama anazorushiwa kuku. Atakayepinga akisema kutawanya ni kwa mbegu au umati wa watu, na aangalie kifaa cha kupimia tope la maji: mwale hupita ndani ya chupa, na kipokezi kilichowekwa ubavuni, kwa pembe ya nyuzi 90, hupima mwanga uliopotoka njia. Maji yakiwa maangavu, ubavuni hufika mwanga kidogo mno. Kwa neno kuakisi, kipokezi hicho hakielezeki.