Si Kila Kimeacho Juu ya Mti Ni Kimelea

Kangaga pana likionekana limeng'ang'ania shina la mwembe, mita tatu kutoka ardhini, neno la kwanza linalowajia wengi ni kimelea. La pili ni panga. Mti unanyonywa, husemwa. Mgeni aondolewe kabla hajaumaliza. Mara nyingi mgeni huyo hana kosa lolote, na nusu ya kesi yake imo katika jina alilobandikwa.

Kwa asili ya neno, kimelea ni kitu kilichomea juu ya kingine, basi. Kumea, kumelea, kimelea: hakuna mahali palipotajwa wizi. Lakini hospitali ililichukua neno hili zamani, ikalifanyia kazi kwa vimelea vya malaria na minyoo ya tumboni, na leo ni vigumu kulisikia bila kufikiria kiumbe anayekula mali ya mwenzake. Hapo ndipo elimu ya mimea inapokwama. Inahitaji maneno mawili: moja la anayekaa juu ya mti na kuunyonya, jingine la anayekaa tu.

La anayenyonya lipo, tena zuri: kirukia. Ndio ule mmea wenye majani manene unaochomoza katikati ya tawi la mti wa watu. Tunda lake huliwa na ndege, na mbegu ina ute unaonata, hivyo ndege huisugua kwenye tawi ili imtoke mdomoni, au huipitisha na kinyesi ikagandia gome. Ikiota haihangaiki na udongo. Hutoboa gome, hupenya hadi kwenye mishipa ya mti, ikanywa humo maji na chumvichumvi. Ukilipasua tawi mahali kirukia kilipoingilia, utakuta uvimbe na mbao mbili zilizoshikamana hata si rahisi kusema huyu anaishia wapi na yule anaanzia wapi.

Kangaga la mwembeni ni habari nyingine. Libandue pembeni kwa ncha ya kisu. Chini yake kuna mkeka wa mizizi myembamba ya kahawia, majani yaliyooza nusu, pengine sisimizi wawili watatu, kisha gome zima lisilo na tundu. Mizizi imeshika, haikuingia. Maji yake ni ya mvua na ukungu. Chakula chake kinatokana na vumbi, majani makavu na uchafu wa ndege unaodondoka kutoka juu. Mti umelipa nafasi na mwanga, si zaidi. Ubaya pekee unaoweza kutajwa ni uzito: makangaga yakijazana kwenye tawi lililokwisha kuoza, siku ya mvua kubwa tawi litakatika.

Mmea wa namna hii kitaalamu huitwa epifiti, kutokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya "juu ya" na "mmea". Karibu spishi moja katika kila 10 za mimea yenye mishipa ni epifiti, na nyingi kati ya hizo ni okidi. Msomaji makini ataona kichekesho hapa: ukilifasiri neno hilo moja kwa moja, unarudi kulekule kwenye kimelea. Kwa hiyo epifiti inafaa kitabuni, lakini haimwambii mtu wa bustanini chochote.

Kuuita mmea huo mpangaji? Mpangaji hulipa kodi. Kilicho karibu zaidi ni kudandia. Kijana aliyedandia lori amepata safari bila kugusa dizeli ya mwenye gari, na kangaga nalo limepata urefu wa mti bila kugusa maji yake. Kwa kuwa Kiswahili kimeshatoa kimelea na kirukia kwa umbo lilelile, kidandia hakitakuwa mgeni darasani. Ni kweli kudandia kuna doa lake. Mtu anayedandia treni kwa mbele hasifiwi. Hata hivyo doa la kutolipa nauli ni dogo kuliko la kunyonya damu, na makala hii italitumia neno hilo.

Faida ya jina hili huonekana mmea unapoletwa nyumbani. Chukua Platycerium elephantotis, kangaga la misitu ya Afrika ya kitropiki, Uganda, Kenya na Tanzania zikiwemo. Ndugu zake wengi wana majani yaliyogawanyika kama pembe za wanyama wa nchi za baridi, ndiyo maana Wazungu wakawapa majina ya pembe. Huyu wa kwetu majani yake hayagawanyiki. Hutanuka na kuning'inia, na jina lake la kisayansi linamtaja wazi kuwa sikio la tembo.

Ana majani ya aina mbili. Ya kwanza ni ngao: hujibandika kwenye gome, sehemu ya juu ikasimama wazi ili kupokea mvua na majani yanayoanguka. Ngao hukauka zikawa za kahawia, na mwenye nyumba anayependa usafi hushawishika kuzing'oa. Asiziguse. Ngao kavu ndizo zinazofunika mizizi, na zikioza ndizo zinazoilisha. Aina ya pili ni masikio yenyewe, yenye manyoya meupe laini yanayodhaniwa kuwa vumbi. Yakifutwa kwa kitambaa hayarudi, na kazi yake ni kupunguza maji yanayopotea hewani. Chini ya sikio lililokomaa hutokea baka la kahawia linalofanana na ugonjwa, kumbe ni mbegu zake za unga, kwa kuwa kangaga halitoi maua.

Makosa mengi huanzia kwenye chungu. Mnunuzi hukijaza udongo wa bustani, humwagilia kila asubuhi, na baada ya muda moyo wa mmea unakuwa mweusi. Kidandia hakikuumbwa kukaa na miguu ndani ya matope; mizizi yake inataka ilowe, kisha ipate hewa. Dawa ni ubao. Weka konzi chache za usumba wa nazi katikati ya kipande cha ubao usiopakwa rangi, laza mmea juu yake, kisha ufunge kwa uzi wa nailoni ukipitisha juu ya ngao, si juu ya kichipukizi cha katikati. Ngao mpya zitaufunika uzi zenyewe.

Kujua kiu yake hakuhitaji kifaa. Uinue ubao: ukiwa mwepesi, utumbukize kwenye ndoo ya maji kwa dakika 10 hadi 20, uuache uchuruzike, uurudishe ukutani. Dar es Salaam wakati wa joto kazi hiyo itajirudia mara nyingi zaidi kuliko Nairobi mwezi wa Julai, ambako usiku wa baridi ndio adui. Spishi hii hupenda joto la juu ya nyuzi 15. Mwenzake wa Australia, P. bifurcatum, huvumilia baridi kali zaidi. Zote mbili hutaka mwanga mwingi usio wa jua la mchana, kama wa kibarazani. Mbolea ya maji itoshe nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Wako wanaotupia maganda ya ndizi nyuma ya ngao. Mmea haudhuriki sana, ila nzi watashukuru.

Ukubwa ambao vidandia hufikia porini unashangaza. Huko Borneo, Farnon Ellwood na William Foster waliandika mwaka 2004 katika jarida la Nature kuhusu kangaga la kiota cha ndege, Asplenium nidus, ambalo likikua sana hufikia kilo 200 likiwa juu ya mti, na ndani yake mna wadudu wengi kiasi cha kubadilisha makadirio ya wadudu wa msitu mzima.

Mwaka 2021, Kevin Burns na wenzake walieleza jambo la ajabu zaidi kutoka kisiwa cha Lord Howe, mashariki ya Australia. Mimea ya P. bifurcatum iliyokaa pamoja kwenye mti mmoja hugawana kazi: mingine hutoa mbegu, mingine hubaki na ngao tu, ikinywesha mizizi ya pamoja. Kwa hiyo vitoto vinapojitokeza pembeni mwa mmea wa nyumbani, hakuna haraka ya kuvitenganisha. Anayetaka kumgawia jirani asubiri hadi kitoto kiwe na ngao yake, akikate kwa kisu kikali pamoja na mizizi iliyo nyuma, na akifunge siku hiyohiyo kwenye ubao wake.