Samaki Mmoja Akioza: Historia ya Steve Kerr, Mchezaji Aliyekuwa Kocha

 

Mazungumzo ya leo ni ya historia, tena historia ya mtu mmoja tu. Mtu huyu si wa inchi yetu. Ni Mmarekani, jina lake Steve Kerr, mchezaji wa mpira wa kikapu, ule ambao vijana wetu huuita baskete. Najua utauliza: sisi tunalala chini ya bashi, watoto hawasomi, na huyu anatuletea habari za mpira? Vumilia kidogo, ndugu yangu. Sikiliza kwanza mtu huyu alitoka wapi.

Babu yake, Stanley Kerr, alifika Mashariki ya Kati mwaka 1919, mara baada ya vita kuu ya kwanza. Alikuja kusaidia Waarmenia, watu waliofukuzwa makwao na kuuawa kwa wingi katika dola ya Waturuki. Maana yake, kazi ya kwanza ya babu huyo upande ule ilikuwa kuhudumia wakimbizi na mayatima. Baadaye akafundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Kimarekani cha Beirut, katika inchi ya Lebanoni. Mtoto wake, Malcolm, alizaliwa hukohuko Beirut mwaka 1931, akawa mtaalamu wa siasa za Waarabu. Na Steve naye alizaliwa Beirut, mwaka 1965. Alikulia Beirut, Cairo na California.

Mwaka 1975 vita viliwaka Lebanoni, vikadumu mpaka 1990. Ninyi hamhitaji kuelezwa vita vya namna ile. Kulikuwa na makundi mengi ya silaha, hili la dini hii, lile la dini ile, na majeshi ya inchi jirani yakaingia. Mwaka 1982, katikati ya moto huo, Malcolm Kerr alikubali kuwa mkuu wa chuo kikuu kile. Mwaka 1983 Steve alikwenda kuwatembelea wazazi wake. Siku za kurudi Marekani zilipofika, uwanja wa ndege ulipigwa mabomu, ikabidi apitishwe kwa gari milimani, avuke Siria mpaka Yordani, ndipo apate ndege. Yeye pia amejua njia ya kukimbia.

Tarehe 18 Januari 1984, watu wenye bunduki walimngoja Malcolm Kerr karibu na ofisi yake, wakampiga risasi kichwani. Akafa. Alikuwa na miaka 52. Steve alikuwa na miaka 18, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Arizona, mbali kabisa na mama yake. Simu ilimfikia usiku.

Siku mbili baadaye ekipe ya chuo chake ilikuwa na mechi. Kijana aliamua kucheza. Watu walisimama kimya kwa ajili ya baba yake, naye akalia mbele ya wote. Kisha akaingia uwanjani akafunga pointi 12. Hakuna aliyemwambia mwanaume halii. Alilia, halafu akafanya kazi yake.

Sasa ngoja nikuulize. Wewe ungefanya nini na uchungu huo? Kwetu tuna methali: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Ni methali ya kweli sokoni, pale mama anapochagua samaki kwenye kapu. Lakini sisi tumeitoa kwenye kapu, tukaipeleka kwa watu. Mtu mmoja wa kabila fulani akiua, tunasema kabila zima ni la wauaji. Na wale nao wanasema hivyohivyo juu yetu. Ndivyo vijiji vinavyochomwa.

Nyumba ya Kerr haikufanya hivyo. Mama mjane, Ann, alirudi kufundisha katika Cairo, katikati ya Waarabu. Hakusema, Waarabu wameniulia mume. Wauaji ni wauaji, na watu ni watu. Lakini sikiliza vizuri: familia hii haikusema pia kwamba mambo yamekwisha. Sheria ilipotungwa Marekani mwaka 1996 ya kuruhusu jamaa za waliouawa kwa ugaidi kushtaki serikali iliyowasaidia wauaji, walikwenda mahakamani, na mwaka 2003 hakimu aliamua kwamba serikali ya Irani ilikuwa na jukumu katika mauaji yale. Basi kutaka haki na kukataa kisasi vinaweza kukaa katika nyumba moja. Anayekuambia uchague kimoja uache kingine, anakudanganya.

Turudi kwa Steve. Mwaka 1988 aliingia ligi kubwa ya Marekani, ileile ambamo mwana wa Kinshasa, Dikembe Mutombo, alicheza miaka mingi na kutupa heshima. Lakini Mutombo alikuwa mrefu kama mnara. Kerr alikuwa na mita 1.91, ambayo katika ligi ile ni ufupi. Wachezaji 49 walichaguliwa kabla yake. Na katika ligi ile ekipe inaweza kumbadilisha mchezaji na ekipe nyingine bila kumuuliza, kama mbuzi sokoni. Alianza Phoenix, akapelekwa Cleveland, kisha Orlando, kisha Chicago, kisha San Antonio, kisha Portland, na mwisho San Antonio tena. Ekipe sita katika miaka 15. Sisemi kuhama kwake ni kama kuhama kwako. Yeye alihama na mshahara wake, wewe ulihama na sufuria kichwani. Lakini kila alipofika alikuwa mgeni, na mara nyingi aliketi kwenye benchi akingoja kuitwa. Alichokuwa nacho ni kimoja: akiitwa, yuko tayari. Katika mitupo ya mbali, ile ya pointi tatu, aliingiza zaidi ya 45 katika kila 100. Alipoacha kucheza mwaka 2003, hakuna mchezaji wa ligi ile aliyekuwa na hesabu ya juu kuliko hiyo. Na alikuwa amepata ubingwa mara tano.

Hapa kuna jambo la kuwaambia wale wanaogombana wakiwa upande mmoja. Mwaka 1995, katika mazoezi ya Chicago, Kerr na Michael Jordan walitukanana, na Jordan akampiga ngumi usoni. Jordan alikuwa mchezaji mkubwa kuliko wote duniani. Angeweza kunyamaza, nani angemuuliza? Lakini siku ileile alimpigia Kerr simu akaomba msamaha, na Kerr akaupokea. Jordan naye alikuwa mtoto wa baba aliyeuawa kwa bunduki, mwaka 1993. Wote wawili walikuwa na kidonda kimoja.

Miaka miwili baadaye, Juni 1997, Chicago walikuwa wakigombea ubingwa na Utah. Pointi zilikuwa sawa, 86 kwa 86, zimebaki sekunde chache. Jordan alizibwa na watu wawili. Akampa mpira Kerr, mtu yuleyule aliyempiga. Kerr akatupa, mpira ukaingia, na Chicago wakawa mabingwa kwa 90 kwa 86. Fikiri: kama ile simu ya 1995 isingepigwa, mpira ule ungepita kati yao?

Mwaka 2014 ekipe ya Golden State, ya California, ilimpa ukocha. Hakuwa amewahi kuwa kocha hata siku moja. Mwaka uliofuata ekipe ile ikachukua ubingwa, wa kwanza kwao tangu 1975. Kisha wakauchukua tena mwaka 2017, 2018 na 2022. Mwaka 2024 aliongoza ekipe ya taifa la Marekani katika michezo ya Olimpiki ya Paris, wakawashinda Wafaransa 98 kwa 87.

Ninyi machifu na wakubwa, hiki kinawahusu. Katika fainali ya 2015 ekipe yake ilikuwa nyuma, imeshindwa mechi mbili na kushinda moja. Usiku, msaidizi mmoja kijana, wala si wa cheo kikubwa, alitoa shauri la kubadilisha mchezaji mmoja wa kuanza. Kerr alilikubali. Walishinda mechi tatu zilizofuata wakamaliza kazi. Na waandishi walipomuuliza, hakusema ni akili yangu. Alimtaja kijana. Je, katika baraza lako, kijana akitoa neno jema, linabaki na jina lake au linageuka kuwa neno lako?

Jambo la mwisho. Januari 2017, Rais Trump aliweka amri ya kuwazuia watu wa inchi saba zenye Waislamu wengi wasiingie Marekani, akisema ni kwa kuzuia ugaidi. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kupiga makofi, ni Kerr. Lakini alisema waziwazi kwamba yeye, mtu aliyepoteza baba kwa ugaidi, anaona kufukuza watu na kupanda hofu ni njia mbaya ya kupigana nao. Miaka 33 ilikuwa imepita tangu baba yake auawe. Bado hakukubali kapu zima litupwe kwa ajili ya samaki mmoja.

Ndugu yangu unayesoma, sikuombi usahau waliokufa. Waliokuua mama, waliochoma nyumba yako, wana majina yao, na mahakama ikifunguliwa uyataje. Lakini jina la muuaji ni jina la mtu, si la kabila. Mtoto wa kabila lile anayechota maji kwenye bomba lilelile la kambi hakuwa na panga mkononi. Uchungu ni wako, hakuna wa kukunyang'anya. Pa kuupeleka ndipo unapochagua.

Mubaki na amani.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
1. Ni lini tuliwahi kulipishwa kosa la mtu mmoja sisi sote? Ni lini tulifanya vilevile kwa wengine?
2. Nani katika mtaa wetu anangoja simu kama ile ya Jordan? Nani anapaswa kuipiga?
3. Tufanye nini ili wanaotafuta haki wasisukumwe kwenye kisasi?