Mpiga picha wa harusi ni yule anayetunza
Ndugu zangu, harusi ikikaribia kila mtu anauliza bei ya picha tu. Leo tuangalie historia kidogo.

Mwaka 1839 dunia ilitangaziwa picha za Daguerre wa Ufaransa, zilizotokea juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Zilikuwa safi sana, ila kila picha ilikuwa moja tu. Ikipotea, basi. Mwaka 1841 Talbot wa Uingereza akasajili njia ya negativu ya karatasi: negativu moja, nakala nyingi. Hapo mpiga picha akawa pia mtunza kumbukumbu.

Seydou Keïta alifungua studio Bamako, Mali, mwaka 1948. Alitunza negativu kwa maelfu. Studio ilishafungwa zamani, lakini mwaka 1994 picha zake zilioneshwa Paris.

Sisi tunajua maana yake. Wengi wetu tulikimbia bila albamu, na kwenye mahojiano picha ya harusi inasaidia kuonyesha kwamba hawa ni mke na mume. Kwa hiyo usiangalie ukubwa wa kamera. Muulize: picha zetu utazitunza wapi, na kwa muda gani? Akisema akishakupa anafuta, tafuta mwingine. Na wewe usibaki na nakala moja. Mtumie hata shangazi aliye mbali.