Mtihani wa Sanamu ya Shaba: Nini Humfanya Mtu Kuwa Tabibu wa Sindano?

Mwaka 1027, katika enzi ya Song nchini China, tabibu Wang Weiyi alisimamia usubuaji wa sanamu za shaba za mwili wa mwanadamu, zilizotobolewa matundu kwenye nukta za kuchomea sindano. Mapokeo yanaeleza kwamba sanamu ilipakwa nta nje na kujazwa maji ndani: mwanafunzi akilenga sawasawa maji yalichuruzika, akikosea sindano iligota. Ulikuwa mtihani wa busara kwa zama zake, ila umerithisha dhana ambayo bado inayatawala mafunzo ya akupancha, yaani tiba ya sindano, kwamba anayejua mahali ndiye anayejua tiba. Dai la makala haya ni kwamba tabibu wa sindano hufanywa na wagonjwa aliowatibu chini ya jicho la mwalimu.

China ilipofungua vyuo vinne vya tiba ya jadi mwaka 1956, Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu, elimu iliyokuwa ikipokezanwa kati ya mwalimu na mwanagenzi iliingizwa katika mihula, vitabu vya kiada na shahada. Mwanaanthropolojia Elisabeth Hsu, aliyefanya utafiti Kunming mwishoni mwa miaka ya 1980, alionyesha kwamba njia hizo, pamoja na ile ya kurithishana kwa siri, ziliishi bega kwa bega, kila moja ikizaa ujuzi wa aina yake. Nukta 361 zinaweza kukaririwa chumbani. Mkono, hata hivyo, huanza kwa kuchoma bunda la karatasi, kisha mwili wa mwanafunzi mwenyewe, hadi utambue uzito unaoikamata sindano misuli inapoitikia. Shirika la Afya Duniani lililitambua hilo lilipopendekeza, mwaka 1999, saa 2,500 za mafunzo kamili, zisizopungua 1,000 zikiwa za vitendo.

Wenye shaka wana silaha nzito. Katika utafiti mkubwa wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu maumivu sugu ya mgongo, walionufaika na akupancha halisi walikuwa asilimia 47.6, waliochomwa kijuujuu mahali pasipo na nukta walikuwa asilimia 44.2, na waliopata tiba ya kawaida 27.4. Basi saa zote hizo za nini? Swali ni la haki, na anayelikwepa hastahili kusikilizwa. Lakini matokeo hayo yanaibomoa imani ya sanamu ya shaba, si haja ya mafunzo, kwa kuwa hata sindano za kuigiza zilichomwa na madaktari waliofunzwa. Mtu asiyefunzwa hajui kwamba chini ya nukta ya Jianjing, juu ya bega, kuna ncha ya pafu, na kwamba sindano iliyozama mno huweza kuingiza hewa kifuani na kulisinyaza pafu hilo. Wala hatashtuka mgonjwa wa mgongo akimwambia kwamba mkojo umeanza kumtoka bila kujijua. Huyo anahitaji hospitali siku hiyo hiyo. Kujua nani asichomwe ni nusu ya kazi hii, na hakuna sanamu inayoifundisha.

Pingamizi la pili ni kwamba uanagenzi huwafungulia mlango matapeli. Ndiyo maana sheria ya China iliyoanza kutumika Julai 2017, pamoja na kanuni zake, haikuuacha wazi: mwanagenzi anaweza kupata leseni bila shahada, lakini baada ya miaka mitano kwa mwalimu, akipendekezwa na matabibu wasiopungua wawili na kupimwa kwa vitendo na mamlaka ya jimbo. Kwa maoni yangu, sharti hilo la vitendo lingewafaa hata wenye shahada. Tanzania, ambayo ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu mwaka 2002 na ambako wataalamu wa tiba ya jadi ya Kichina walianza kushirikiana na hospitali ya Muhimbili mwaka 1987, haina sababu ya kulipuuza. Anayeomba usajili wa tiba ya sindano, popote aliposomea, alete cheti chake pamoja na daftari la wagonjwa aliowatibu, lenye saini ya aliyemsimamia. Asiye nalo asisajiliwe.