Maua ya maharagi Bogoro, na alama za nyumba zilizobomoka



Ndugu zetu walioko Ulaya, mwezi wa tano ukiisha wanasema majira ya joto yamefika na bustani zao zimechanua. Kwetu hatuna majira hayo. Tuna mvua. Lakini sisi pia tuna maua yetu ya wakati huu. Maharagi yaliyopandwa na mvua za mwezi wa tatu yanachanua kisha siku arobaini hivi, ua dogo, jeupe au la zambarau, ambalo mtu wa mjini anaweza kulipita bila kuliona. Ua la boga ni la njano. Linafunguka alfajiri, na jua likipanda linajifunga. Kahawa ndiyo inashangaza zaidi: mvua ikinyesha kisha siku za ukavu, miti yote inakuwa meupe kwa pamoja, inanukia kama yasmini, na kisha siku mbili tatu yote yameanguka.

Maua hayo hayapandwi kwa uzuri. Hata hivyo ndiyo yanazunguka maisha ya nyumbani. Mama anasuka binti yake nywele kando ya maboga, jirani anapita kuomba majani ya kupika, watoto wanakatazwa kukanyaga maharagi na wanayakanyaga.

Bogoro iko kilometa kama 25 kutoka Bunia, katika usultani wa Bahema Sud, eneo la Irumu. Ni njia panda. Barabara moja inashuka Kasenyi, kwenye ziwa Albert, nyingine inakwenda upande wa Geti. Kwa hiyo samaki wa ziwa, maziwa ya wafugaji na mihogo ya wakulima vilikutana pale. Wahema na Wangiti walikuwa wakiuziana na kuoana, na mbegu ya mama mmoja iliota kwa mwingine. Ninasema hivyo kwa sababu kuna vijana leo wanaofikiri kwamba watu hawa wamepigana tangu dunia kuumbwa. Vita kubwa ya Ituri ilianza 1999.

Njia panda hiyo hiyo ndiyo iliyoitia Bogoro balaa. Mwenye kuishika alishika barabara. Askari wa UPC walikuwa na kambi yao katikati ya kijiji, kwenye majengo ya Institut de Bogoro, na raia waliishi kuizunguka. Alfajiri ya tarehe 24 mwezi wa pili 2003, wapiganaji wa Kilendu na wa Kingiti walishambulia. Raia waliuawa, wengine ndani ya shule walimokimbilia. Waliookoka walijificha porini na upande wa mlima Waka. Ng'ombe walichukuliwa, nyumba zikachomwa, mabati yakang'olewa na kubebwa.

Angalieni tarehe hiyo. Mwisho wa mwezi wa pili ni wakati wa kutayarisha mashamba. Mvua ya mwezi wa tatu ilikuja na wenye kupanda hawapo. Nyumba ya udongo isiyo na paa haishindani na mvua. Ukuta unalainika, unaanguka, unarudi kuwa ardhi, na nyasi inaota juu yake. Anayerudi kisha miaka hatafuti nyumba tena, anatafuta alama yake: mwembe uliokuwa nyuma ya jiko, ua wa minyaa, bugenvilia ya mlangoni. Bugenvilia ni ya kuchekesha kidogo. Ni mmea wa Brazili, wenye jina la baharia Mfaransa, Bougainville, tena si wa kuliwa. Lakini ukiukata unachipuka. Hata maharagi na maboga babu zao walitoka Amerika, na nani leo atasema si yetu?

Alama hizo zina uzito kuliko tunavyodhani. Mahakama ya CPI ya La Haye ilimhukumu Germain Katanga tarehe 7 mwezi wa tatu 2014, kisha ikampa miaka 12 ya kifungo. Mathieu Ngudjolo, aliyeshitakiwa naye mwanzoni, aliachiwa huru 2012. Tarehe 24 mwezi wa tatu 2017 majaji walitoa amri ya fidia. Watu 341 walikuwa wameomba, na 297 wakatambuliwa kuwa wahanga. Hasara yote ilikadiriwa dola 3.752.620, na sehemu ya Katanga ikawekwa dola milioni moja. Yeye hakuwa na mali, kwa hiyo Mfuko wa Wahanga wa CPI ndio uliotafuta pesa. Kila mhanga alipangiwa dola 250 za ishara, pamoja na msaada wa nyumba, wa kazi za kuleta mapato, wa masomo na wa kutuliza roho.

Kuhesabu ndiko kulikokuwa kugumu. Ng'ombe ana bei, bati lina bei. Lakini mtu anathibitishaje kwamba aliishi pale, akiwa na karatasi iliyoungua pamoja na nyumba, au bila karatasi kabisa? Kwa sheria ya 1973 ardhi yote ya Congo ni ya serikali, na vijijini wengi wanakaa kwa haki ya desturi tu. Chifu anaandika hati, majirani wanashuhudia. Na chifu na majirani, mkiwauliza wanajuaje, watajibu kwa miti: kutoka mwembe huu hadi minyaa ile ilikuwa kwa fulani. Kwa maoni yangu huo ni ushahidi wa kweli, ila unakufa na wazee wanaoujua.

Haya si ya zamani tu. Tangu mwisho wa 2017 familia nyingi za Ituri zimehama tena. Wako Kigonze hapa Bunia, na wako ng'ambo ya ziwa, Kyangwali, Uganda, pamoja na watoto waliozaliwa huko. Mtoto wa miaka sita anayeona mboga kwenye gunia tu hawezi kujua parseli ya baba yake iliishia wapi.

Basi jioni moja, mkiwa na mzee bado, mpeni mtoto kalamu na daftari. Mzee ataje kila mti na kila ua, kuanzia barabarani: nini kilikuwa kushoto, nani alikipanda, mwaka gani kama anaukumbuka, na jirani wa upande huo aliitwa nani. Wekeni jina la jirani hata kama ni wa kabila lingine. Yeye ndiye atakayeulizwa siku ya kupima.